Masogora na Vipusa: Lugha ya Heshima kwa Timu za Wanaume na za Wanawake Vyuoni

Wahenga walisema, "Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi." Katika uwanja wa soka vidole hujikwaa kila dakika, na jeraha likishafungwa kitambaa mchezo huendelea. Ulimi nao hujikwaa papo hapo kando ya mstari: katika kipaza sauti cha mtangazaji, katika ubao wa matangazo wa chuo na katika kurasa za michezo. Huko hakuna mwamuzi wa kupuliza kipenga. Makala haya yanahusu kujikwaa huko, yaani namna timu za wanaume na timu za wanawake za vyuo zinavyotajwa kwa Kiswahili, hasa katika Pwani ya Kusini ya Kenya, kuanzia Kwale mjini hadi Diani na Msambweni. Hoja yenyewe ni moja. Kiswahili kina msamiati tele wa kumsifu mchezaji kwa ustadi wake bila kujali jinsia. Anayewaita wanawake "vipusa" na "warembo", ilhali wanaume wanaitwa "timu ya chuo", hakulazimishwa na lugha, amechagua mwenyewe.

Mizani isiyolingana

Tangazo la kawaida ubaoni husomeka hivi: "Jumamosi timu ya chuo itacheza Ukunda. Timu ya wasichana nayo itacheza." Msomaji huelewa mara moja kwamba timu ya kwanza ni ya wanaume, ingawa jinsia yao haikutajwa. Wanaume ndio chuo. Wanawake ni nyongeza iliyofungwa kwa neno "nayo".

Neno "wasichana" nalo lina lake. Katika chuo kama KMTC, tawi la Msambweni, wanaojifunza tiba na uuguzi ni watu wazima. Wana vitambulisho, wanapiga kura, na baadhi ya wanafunzi wa vyuo kama hivi ni wazazi. Mwanamke huyohuyo anayeitwa "Sista" kwa heshima anapovaa sare ya wodini, hugeuka "msichana" anapovaa jezi. Mwenzake wa kiume wa umri uleule haitwi "mvulana" kwa urahisi namna hiyo. Huitwa "mwanamume" au "kijana". Ajabu ni kwamba "kijana" ni neno lisilo na jinsia, lakini uwanjani limetekwa. Mtangazaji asemapo "vijana wa kocha", ni nadra msikilizaji kuwafikiria wanawake.

Kurasa za michezo zimekwenda mbali zaidi. Wachezaji wanawake huitwa vipusa, vidosho, warembo, mabanati na wanadada. Kipimo rahisi cha haki ya maneno haya ni kuyageuza. Mhariri na aandike kichwa cha habari, "Watanashati wa Harambee Stars walazwa nyumbani," au "Wanakaka wa Kwale watinga fainali," kisha atazame nyuso za wasomaji. Watacheka, maana kila mtu anajua kwamba utanashati haufungi bao wala hauzuii penalti. Kama utanashati wa mwanamume hauhusiki na matokeo ya mechi, urembo wa mwanamke unahusikaje? Isitoshe, vitenzi vya soka kama "kulaza" na "kuchezea" vikiwekwa karibu na nomino "vipusa", maana ya pili huchungulia. Msikilizaji huikonyezea jicho, na mchezaji aliyetokwa na jasho kwa dakika 90 huishia kuwa kichekesho.

Pembe na ngoma

Inafaa kuchunguza asili ya maneno mawili yanayotumiwa sana na waandishi wa michezo. La kwanza ni "kipusa". Kabla ya kuwa msichana mzuri, kipusa ni pembe ya kifaru, bidhaa iliyosafirishwa kwa majahazi kutoka pwani hii pamoja na pembe za ndovu. Thamani ya kipusa iko machoni na mikononi mwa mnunuzi. Chenyewe hakifanyi lolote. Hutazamwa, hupimwa, huuzwa.

La pili ni "sogora". Sogora ni fundi wa kupiga ngoma, mtu ambaye mikono yake imejifunza mpaka ngoma ikamtii. Watu wa Kwale, wenye ngoma zao kama sengenya, hawahitaji kamusi ili kuujua uzito wa ufundi huo. Waandishi walifanya jambo la busara walipolihamisha neno hili kutoka ngomani hadi uwanjani, kwani mcheza soka hodari naye ana mdundo wake. Kosa lao ni kuligawa kwa ubaguzi: masogora wakawa wanaume, vipusa wakawa wanawake. Upande mmoja ukasifiwa kwa unachokijua, upande wa pili kwa unavyoonekana. Hakuna kanuni yoyote ya sarufi wala ya semantiki inayomzuia mwanamke kuwa sogora.

Sarufi haina lawama

Wapo watakaodai kwamba mjadala huu umeletwa kutoka nje, na kwamba unafaa lugha zenye jinsia ya kisarufi. Ukweli ni kinyume chake. Kiswahili kinamtendea haki mchezaji kuliko lugha nyingi za Ulaya. Nafsi ya tatu "yeye" haibagui. Kiambishi "a-" katika "amefunga" hakisemi kama mfungaji ni mume au mke. Mchezaji, nahodha, kipa, mlinzi, kiungo, mshambulizi, mwamuzi, kocha: yote ni maneno ya watu wote. Ubaguzi huingia pale msemaji anapoongeza pambo ambalo sarufi haikumwomba.

Wengine huilaumu ngeli ya KI-VI kwa kuwa hubeba udogo na dharau, kama katika "kijitu" au "kitoto". Lawama hiyo inahitaji tahadhari. "Kiongozi" na "kijana" wana kiambishi hichohicho, na hakuna anayeona tusi ndani yao. Kilichomo katika "kidosho" na "kipusa" ni maana, na maana hiyo ni ya mwili.

Vivumishi "-a kike" na "-a kiume" ndivyo vyenye mzigo zaidi. "Jikaze kiume" humaanisha kuwa na ushujaa. Katika matumizi ya zamani, mkono wa kuume ni wa kulia, na mkono wa kike ni wa kushoto. Kwa hiyo anayesema "timu ya kike" huenda akasikika akitaja aina ya mchezo, mchezo hafifu, badala ya kutaja wachezaji. "Timu ya wanawake" na "timu ya wanaume" ni salama zaidi kwa sababu zinataja watu. Kadhalika, sifa kama "bao la kiume" haina budi kuachwa. Bao la mbali ni bao la mbali, awe amelifunga nani.

Neno "mrembo" huko Diani

Pwani ya Kusini ina sababu yake ya pekee ya kulichukulia suala hili kwa uzito. Diani ni mji wa hoteli na wa watalii. Mwaka 2006 UNICEF pamoja na Serikali ya Kenya walitoa ripoti ya uchunguzi kuhusu utalii wa ngono na unyonyaji wa watoto katika wilaya nne za Pwani, Kwale ikiwa mojawapo. Katika mazingira yenye historia hiyo, neno "mrembo" analotupiwa mwanamke kijana na mtu asiyemjua halisikiki kama sifa tupu. Huweza kuwa mwanzo wa biashara asiyoitaka. Neno hilohilo likitoka katika kipaza sauti cha uwanja, mbele ya umati, humvua mchezaji ile ngao ambayo jezi na namba vilimpa.

Pana jambo jingine. Katika familia nyingi za Waislamu wa Kwale, mwanamke kijana huenda uwanjani baada ya mazungumzo marefu nyumbani. Wazazi huuliza atavaa nini, atarudi saa ngapi, nani atakuwa naye. Wakisharidhika, huruhusu. Mzazi huyo akisikia binti yake akitangazwa kuwa "kidosho wa winga ya kulia", ruhusa ya wiki ijayo huwa mashakani, na aliyeiponza ni mtangazaji. Mashirika kama Moving the Goalposts, lililoanzishwa Kilifi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili kuwainua wasichana kwa njia ya soka, yamefanya kazi kubwa ya kuishawishi jamii ya Pwani kwamba mpira hauondoi heshima ya mwanamke. Neno moja la mzaha linaweza kurudisha nyuma ushawishi wa miaka.

Wala heshima hiyo si kitu kigeni hapa. Wadigo kwa muda mrefu walihesabu ukoo na urithi kwa upande wa mama. Waswahili wa pwani waliwatanguliza wanawake wenye hadhi kwa neno "Mwana", kama Mwana Mkisi katika masimulizi ya Mombasa na Mwana Kupona katika fasihi ya Pate, na hadi leo "Bi" ni tangulizi la adabu. Jamii yenye hazina hiyo haina haja ya kuazima "kipusa" ili kumtaja nahodha wake.

Majina ya timu

Tatizo hujitokeza pia katika majina rasmi. Timu ya taifa ya wanaume ya Kenya ni Harambee Stars. Ya wanawake ni Harambee Starlets, jina lenye kiambishi tamati cha udogo katika Kiingereza, kana kwamba Mswahili angesema "vijinyota". Tanzania ilifuata njia nyingine: wanaume ni Taifa Stars, wanawake ni Twiga Stars. Nyota ni nyota pande zote mbili, na twiga ni alama ya taifa. Timu ya voliboli ya wanawake ya Kenya, Malkia Strikers, nayo ina jina la mamlaka, kwani malkia hutawala.

Hata hivyo, haifai kuyafuta majina kwa amri. Chuo Kikuu cha Tennessee nchini Marekani kiliamua kwamba kuanzia mwaka 2015 timu zake za wanawake, isipokuwa ya mpira wa kikapu, ziache jina la Lady Volunteers. Wengi walilalamika kwamba jina hilo limebeba historia yao ya ushindi, na mwaka 2017 likarejeshwa. Funzo ni kwamba wenye jina ndio wa kuulizwa kwanza. Yamkini wachezaji wa Starlets wamelipenda jina lao na kulijaza utukufu wao wenyewe.

Utukufu huo upo. Mwaka 2024 Junior Starlets, chini ya kocha Mildred Cheche, walifuzu kwa Kombe la Dunia la wanawake wa chini ya umri wa miaka 17 katika Jamhuri ya Dominika, na huko wakaishinda Mexico mabao 2-1. Kuwaita "timu ya kwanza ya wasichana ya Kenya kufika Kombe la Dunia" ni kuwapunja. Hao walikuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya, ya jinsia yoyote, kucheza katika Kombe la Dunia la FIFA. Neno moja la ziada lingeipunguza rekodi ya taifa ikawa rekodi ya nusu ya taifa. Hata hivyo, kwa umri wao, "wasichana" ni neno sahihi kabisa, sawa na "wavulana" kwa wenzao wa shule za upili. Makosa huanza neno hilo linapowafuata mpaka chuoni.

Yapasayo kufanywa

Kwanza, mizani iwe sawa: ikitajwa "timu ya wanawake", nyingine iwe "timu ya wanaume". Ikiwa jinsia haina umuhimu katika habari, isitajwe kwa yeyote. Pili, umri uheshimiwe. Wanafunzi wa vyuo ni wanawake na wanaume. Tatu, sifa zitokane na kazi: sogora, stadi, gwiji, bingwa, shujaa, nyota. Nne, mpangilio ubadilishwe, ili mechi ya wanawake isiwe daima kiambatisho cha aya ya mwisho. Tano, timu iulizwe inavyotaka kuitwa.

Yamkini itasemwa kwamba lugha ya michezo itachacha ikiondolewa chumvi hii. Utamu wa utangazaji wa Kiswahili umetoka katika tamathali, misemo na kasi ya ulimi, na vyote hivyo vinabaki. Anayeweza kulisifu bao la mwanamume kwa dakika nzima bila kutaja uso wake anaweza kufanya vivyo hivyo kwa bao la mwanamke.

Jukumu linawaangukia wanafunzi wa Kiswahili kabla ya wengine. Ndio watakaokuwa walimu wa Matuga na Lunga Lunga, wahariri wa magazeti na watangazaji wa redio za Pwani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 27, imewapa wanawake na wanaume haki ya kutendewa kwa usawa. Lakini Katiba haiwezi kukaa kando ya kila uwanja ikisahihisha msamiati. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vinaweza. Tangazo la mechi ijayo litakapobandikwa ubaoni, mwanachama mmoja mwenye kalamu anatosha kuongeza neno "wanaume" pale lilipokosekana.