Wajibu wa kampuni za saruji usikomee langoni mwa kiwanda

Kila jumba la ghorofa linapoporomoka nchini Kenya, mambo hufuata mkondo ule ule. Viongozi hufika na kutoa makataa, mwenye jumba husakwa na polisi, na wakaguzi huagizwa kupiga alama ya X kwenye kuta za majumba jirani. Wiki chache baadaye rangi mpya hupakwa juu ya alama hizo na wapangaji huendelea kulipa kodi. Katika pilkapilka hizo mhandisi hulaumiwa, mkandarasi hulaumiwa, na serikali ya kaunti hulaumiwa. Mhusika mmoja tu huwa hatajwi kabisa, naye ni aliyetengeneza saruji.

Mkasa wa Huruma jijini Nairobi ungali kumbukumbu chungu. Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ikinyesha, jumba la ghorofa sita lililokuwa karibu na mto liliporomoka na kuua takriban watu 50. Mtoto mchanga wa kike aliopolewa akiwa hai baada ya kukaa chini ya vifusi kwa zaidi ya siku tatu. Jumba hilo lilikuwa tayari limetiwa alama ya kubomolewa, lakini vyumba vilikuwa bado vimejaa watu. Miaka kumi kabla ya hapo, Januari 2006, jumba lililokuwa likijengwa katikati mwa jiji hilo hilo liliwaangukia wafanyakazi. Baadaye yakafuata ya Embakasi mwaka 2017, na mengine yasiyodumu kwenye vichwa vya habari.

Sababu ambazo hurejelewa baada ya uchunguzi hazibadiliki: ghorofa kuongezwa kinyume cha ramani iliyoidhinishwa, vyuma vyembamba, vifaa duni, na kazi kufanywa na watu wasio na ujuzi. Katika orodha hiyo, saruji yenyewe si lazima iwe na kasoro. Mfuko unaotoka kiwandani huwa umetengenezwa kwa viwango vinavyosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Matatizo huanza mfuko unapofunguliwa.

Saruji ni bidhaa isiyokamilika. Mnunuzi wa mkate hununua mkate, lakini mnunuzi wa saruji hununua unga ambao utageuka kuwa zege imara au zege la kubomoka kwa vidole, kutegemea yatakayotendeka katika muda wa saa chache. Maji ndiyo hasa yenye kuamua. Mfuko wa kilo 50 huhitaji takriban lita 25 za maji kwa zege la kawaida la nguzo na boriti. Lakini zege la namna hiyo ni zito na humchosha anayelikoroga kwa beleshi, basi mtu wa mkono huongeza ndoo moja, kisha nyingine, hadi mchanganyiko uteleze wenyewe ndani ya mbao. Maji hayo ya ziada hukauka baadaye na kuacha vitundu visivyoonekana, na nguvu ya zege hupotea humo. Hakuna atakayegundua jioni hiyo, kwa kuwa zege dhaifu na zege thabiti hufanana sura.

Vipimo navyo hubuniwa papo hapo. Uwiano wa sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto unajulikana na karibu kila fundi, lakini sehemu hizo hupimwa kwa karai au toroli iliyojazwa kwa kukisia, mara ikiwa imefurika, mara ikiwa nusu. Mchanga huletwa ukiwa na udongo ndani yake. Zege likishamwagwa, linastahili kuwekwa unyevu kwa muda usiopungua siku saba, kwani saruji haigandi kwa kukauka bali kwa kuungana na maji, na wahandisi huhesabu nguvu yake kamili kuanzia siku ya 28. Mwenye jumba anayewaza kodi ya mwezi ujao hana subira hiyo. Nguzo za miti zinazobeba sakafu ya juu hung'olewa mapema ili zikatumike ghorofa inayofuata.

Kuna pia suala la nambari zilizoandikwa kwenye mifuko. Sokoni humu huuzwa hasa saruji ya daraja la 32.5 na ile ya 42.5. Nambari hizo hueleza nguvu inayotarajiwa, kwa kipimo cha nyutoni kwa kila milimita mraba, baada ya siku 28. Ya kwanza hufaa kwa kujengea mawe, kupiga plasta na kazi nyingine nyepesi. Ya pili ndiyo hupendekezwa kwa nguzo, boriti na sakafu za ghorofa. Tofauti ya bei ipo, na mjenzi mwenye haraka hutazama bei. Mara nyingi maandishi ya kumwelekeza huwa ya Kiingereza, tena kwa alama za kitaalamu kama CEM IV/B-P 32.5N. Fundi aliyeacha shule darasani la nane, na ambaye ndiye atakayeamua hatima ya jumba zima, hatarajiwi kuzifumbua.

Nigeria ililikabili suala hili kwa njia nyingine. Mwaka 2014 shirika la viwango la nchi hiyo liliamuru saruji ya 32.5 itumike kwa plasta pekee. Kampuni zikavutana vikali, baadhi zikiunga mkono amri hiyo na nyingine zikidai kwamba tatizo halikuwa saruji bali matumizi yake. Septemba mwaka uo huo, jumba la wageni la kanisa moja mjini Lagos liliporomoka na kuua watu zaidi ya 100, wengi wao raia wa Afrika Kusini. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Hata hivyo, saruji ya 42.5 iliyozamishwa katika maji yaweza kutoa zege dhaifu kuliko ya 32.5 iliyochanganywa kwa uangalifu, hivyo kupiga marufuku daraja fulani bila kumfunza fundi ni kufanya kazi nusu.

Hapa ndipo suala la wajibu wa kampuni kwa jamii linapoingia. Sekta ya saruji nchini ina mfano wa kujivunia. Mwaka 1971 kampuni ya Bamburi, ambayo ilikuwa ikichimba mawe ya chokaa kaskazini mwa Mombasa tangu miaka ya 1950, ilimpa mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, kazi ya kurejesha uhai katika machimbo yaliyobaki kama jangwa jeupe. Kati ya aina 26 za miti aliyoijaribu, ni michache tu iliyostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani yake yalipokataa kuoza, Haller alileta majongoo, nao wakayatafuna na kuyageuza udongo. Leo Haller Park ni msitu wenye twiga na viboko, na ndipo kiboko yatima Owen alipofanya urafiki na kobe Mzee baada ya tsunami ya Desemba 2004. Hata baada ya Bamburi kununuliwa na kampuni ya Amsons ya Tanzania mwishoni mwa 2024, msitu huo ungali miongoni mwa sifa zake kuu.

Ufanisi huo ulitokana na jambo moja: kampuni iliyatambua machimbo kuwa zao la biashara yake yenyewe, si sadaka kwa jirani. Shimo lilikuwa lake, basi ikalishughulikia kwa miongo. Mtazamo huo haujavuka lango la kiwanda. Kwingineko wajibu kwa jamii umekuwa karo kwa wanafunzi wachache, kisima, madawati, na picha ya meneja akikabidhi hundi kubwa ya karatasi. Hayo ni mema na wanaofaidika hawana sababu ya kuyakataa. Lakini hayahusiani na saruji, na kampuni ya sukari au ya simu ingeweza kuyafanya vivyo hivyo. Semina za mafundi nazo huandaliwa mara kwa mara, ila nyingi hulenga kunadi chapa, na fundi huenda nyumbani na kofia na fulana huku akiendelea kupima kwa karai lile lile.

Sheria haiko kimya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zitakazomwezesha kunufaika nayo kikamilifu, pamoja na kulindwa afya na usalama wake. Sheria ya Kampuni ya 2015 nayo inawataka wakurugenzi kuzingatia athari za shughuli zao kwa jamii na mazingira. Ni vigumu kuona vipi athari hizo ziwe vumbi la kiwanda pekee, zisiwe nguzo iliyopasuka Pipeline.

Kampuni zitajitetea kwamba hazina mamlaka ya kukagua majengo, na utetezi huo una uzito. Kazi hiyo ni ya serikali za kaunti na ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), iliyoundwa kwa sheria ya 2011 na yenye jukumu la kuwasajili wakandarasi na kuwaidhinisha mafundi. Tangu Machi 2025 kuna pia Kanuni mpya za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizochukua nafasi ya zile za 1968. Mwenye jumba anayemhonga mkaguzi hatabadilishwa na mafunzo yoyote ya zege. Lakini hakuna anayezitaka kampuni zishike pingu. Zinachotakiwa kufanya ni kile ambacho kaunti haiwezi: kufika kila mahali ambapo mfuko unafika. Kampuni ya saruji ina wasambazaji hadi Lodwar na Lamu, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi hukutana na fundi mara nyingi kuliko mkaguzi yeyote.

Kupitia duka hilo hilo fundi angeweza kupewa sanduku la mbao la kupimia lenye ujazo wa mfuko mmoja, yaani takriban lita 35, badala ya kofia. Mfukoni kungeweza kuchapishwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa na kwa michoro, kiasi cha maji, kazi ambayo saruji hiyo inafaa na ile isiyofaa, na siku za kumwagilia. Kwa majumba ya ghorofa, wanunuzi wakubwa wangeweza kusaidiwa kupima vipande vya zege katika maabara siku ya saba na ya 28, kabla ya ghorofa inayofuata kupandishwa. Mifuko huchapishwa upya kila kampuni inapobadilisha nembo au chapa, kwa hivyo mitambo ya kuchapisha ipo na wino upo.