Acheni kutishia watoto kwa jina la mganga wa meno

"Nyamaza, ao nikupeleke kwa mganga akung'oe meno!" Maneno haya tunayasikia Goma kwenye bomba la maji, sokoni, na kati ya familia zilizokimbia vita. Wazazi wenzangu, hayo si malezi. Ni kumfundisha mtoto kumwogopa mtu anayeweza kumponya.

Ni kweli, kila mtoto anaogopa sindano, sauti ya mashine na sura asiyoijua. Lakini hofu hiyo ndogo tunaikuza sisi wakubwa. Na mtoto aliyekimbia risasi usiku, anayeshituka kwa kila kelele, tuna haki gani ya kumwongezea tisho lingine?

Tazameni matokeo. Jino linatoboka, mtoto anaficha maumivu. Shavu linapovimba ndipo munamkimbiza kituo cha afya, na wakati huo jino ni la kung'olewa tu. Anarudi akisema: kumbe mama alisema kweli! Angefika mapema, pengine shimo lingezibwa.

Munasema meno ya utoto yataanguka yenyewe? Magego yake yanakaa hadi miaka 10 ao 12, na yanalinda nafasi ya meno ya ukubwa.

Kuna baya zaidi: noma. Ugonjwa huo unaanza kama kidonda cha ufizi, zaidi kwa mtoto mwenye utapiamlo, kisha unakula uso kwa siku chache. Desemba 2023, OMS iliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahaulika. Ukionekana mapema unatibika. Lakini nani ataona kidonda ndani ya kinywa ambacho mtoto anaogopa kukifungua?

Basi, mtazameni mtoto kinywani kila jioni anapopiga mswaki. Musimdanganye kwamba hatasikia kitu. Mwambieni: "Sindano itauma kidogo, kisha utapata ganzi. Nitakushika mkono."

Na nyinyi waganga, kumkandamiza mtoto watu wanne bila kumweleza ni kuharibu kazi yenu wenyewe. Mwonyesheni kioo kidogo, hesabuni meno pamoja naye, na mukubaliane kwamba akiinua mkono mutasimama.

Mtoto akilia, mbembelezeni ao mkemeeni. Jina la mganga lisiwe fimbo yenu.