Usichomoe Taminali ya Betri Injini Ikiunguruma

Kama taa nyekundu ya betri imewaka kwenye dashibodi yako leo, na pembeni kuna mtu ameshika spana namba 10 anakuambia, "Liwashe tuchomoe taminali, likizima altaneta imekufa, lisipozima ni nzima," mnyang'anye hiyo spana. Utamwomba radhi baadaye.

Mtindo huu umeenea kwenye gereji za chini ya miti, kwenye maegesho ya bodaboda na kwenye video za simu, na unaharibu magari ambayo hayakuwa na ugonjwa mkubwa. Nimeuona kwa macho yangu, Jumapili mchana, nyuma ya nyumba ya jirani. Gari lilikuwa Vitz. Kijana aliyeitwa kusaidia alilegeza nati ya upande wa hasi, akaitikisa taminali kushoto na kulia, akaichomoa. Ikatoka cheche ya samawati, ndogo tu. Injini haikuzima. "Mama, altaneta yako iko poa," akasema, huku anacheka. Redio ilikuwa imenyamaza wakati uleule na hakuna aliyelitilia maanani. Aliporudisha taminali, mishale yote ya dashibodi ilikuwa imelala, na baada ya muda kidogo injini ikakata. Haikuwaka tena siku hiyo. Ugonjwa wa mwanzo ulikuja kuonekana: fanbelti imelegea, kazi ya dakika kumi. Mama wa watu akalipia kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari.

Cheche ndogo vile inawezaje kuharibu gari? Betri haikai pale kwa ajili ya kuwasha tu. Injini inapounguruma, betri ndiyo inayomeza umeme wa altaneta na kuutuliza. Ukiichomoa ghafla, altaneta iliyokuwa ikisukuma ampea nyingi haiwezi kusimama papo hapo, kwa sababu usumaku uliomo ndani ya rota yake huchukua muda kufifia. Umeme ule unakosa pa kwenda, na volti zinaruka. Kiwango cha kimataifa cha ISO 16750-2, kinachotumika kupima uimara wa vifaa vya umeme vya magari, kinahesabu mruko wa namna hii kwenye gari la volti 12 kuwa kati ya volti 79 na 101, kwa muda wa milisekunde 40 hadi 400. Altaneta nyingi za kisasa zina dayodi za kupunguza mruko huo, lakini ukubwa wa kinga hiyo kwenye gari lako huujui, wala fundi wako haujui. Kontroli boksi, redio, dayodi za altaneta yenyewe, vyote viko kwenye njia moja.

Mafundi wazee watasema wamefanya hivi miaka thelathini. Ni kweli, na siwabishii. Land Rover za miaka ya hamsini zilikuwa na dainamo na kabureta, na hazikuwa na kompyuta ya kuungua. Kampuni ya Chrysler ilipoanza kuweka altaneta kwenye gari lake la Valiant la mwaka 1960, mambo yakaanza kubadilika, ila mazoea yakabaki. Tena kipimo chenyewe ni cha uongo. Altaneta dhaifu inaweza kuliacha gari liendelee kuunguruma, na altaneta nzima inaweza kuzimika kwa sababu imekosa betri ya kuishikilia.

Tumia mita. Mita ya kidijitali ya kawaida haifiki hata bei ya lita kumi za petroli. Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 imebaki kama nusu, chini ya 12 ina njaa. Washa, acha gari sailensa, pima tena palepale kwenye taminali: gari nyingi zitaonyesha kati ya 13.8 na 14.5. Kisha washa taa kubwa, feni na kiyoyozi kwa pamoja. Ikibaki juu ya 13, altaneta inafanya kazi. Ikiwa ni 12.4 na inazidi kushuka, haichaji. Na ikipita 15, zima, usiliendeshe: regyuleta imekufa, betri inachemka, na harufu ya yai viza utakayoisikia ni dalili kwamba tindikali inapikwa mle ndani. Kwenye baadhi ya gari mpya, kompyuta hupunguza chaji kwa makusudi zikiwa hazina mzigo, kwa hiyo usiihukumu altaneta kabla ya kuwasha taa.

Hata mita ikisema haichaji, usikimbilie kununua. Altaneta nyingi zinang'olewa zikiwa hazina kosa. Bonyeza fanbelti kwa kidole. Angalia ule unga mweupe kwenye taminali, waya wa ethi unaofungwa kwenye bodi, na fyuzi kubwa iliyo karibu na betri. Halafu fanya kipimo ambacho wengi wanakiruka: injini ikiunguruma na taa zimewaka, weka ncha moja ya mita kwenye bolti nene ya nyuma ya altaneta na nyingine kwenye chanya ya betri, ukichunga nyaya zisikaribie feni wala mkanda. Inatakiwa usome kitu kidogo, kama volti 0.3 au chini. Ukisoma 1 au zaidi, mwizi ni waya au kiungo kilichooza, altaneta haina hatia.

Ikithibitika imekufa na umeamua kuibadilisha mwenyewe nyumbani, hatari ya pili iko hapa, na hii inamhusu mtu kabla ya gari. Ule waya mnene wa nyuma ya altaneta una umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa nao mfukoni. Umeunganishwa moja kwa moja na betri. Spana ikigusa bolti ile na ubavu wa injini kwa pamoja, mamia ya ampea yanapita kwenye spana. Inakuwa nyekundu mkononi mwako, na kama una pete, inaweza kukuunguza kidole hadi mfupa. Zima gari, vua pete na saa, toa taminali ya hasi kwanza, iweke mbali isirudi yenyewe, ndipo ushuke kwenye altaneta. Kurudisha, hasi inakuwa ya mwisho. Sigara iache mbali, maana betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka.

Unaponunua ya mtumba, iwe Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha soketi, puli na ampea, na usitoe hela kabla haijazungushwa na kupimwa mbele yako. Ukifika nyumbani, usiifunge juu ya betri iliyokauka ukategemea ijaze. Chaji betri kwa chaja kwanza. Altaneta imetengenezwa kutunza betri, na ukiibebesha betri tupu inafanya kazi kwa nguvu zote na joto linaipika. Vilevile kubusti: ukigeuza nyaya, chanya kwenye hasi, dayodi zinakwenda mara moja.

Wenye Prius na Aqua, na sasa ziko nyingi barabarani, hayo yote ya kufungua hayawahusu. Gari hizo hazina altaneta. Betri yao ndogo inachajiwa kutoka kwenye betri kubwa ya haibridi, ambayo kwenye Prius ina volti kama 200, na mitambo yake inazipandisha hadi mamia kadhaa zaidi. Nyaya zake ni za rangi ya chungwa. Nimesikia vijana wakibishana "altaneta ya Aqua iko upande gani" huku kofia ya gari iko wazi na spana ziko chini. Umeme ule unaua, na unaweza kubaki umejificha ndani hata gari likiwa limezimwa. Taa ikiwaka, lifikishe kwa fundi aliyesomea haibridi. Mwenye spana namba 10 peke yake asiliguse.

Na kama tayari taminali imechomolewa na gari limegoma, usilibusti wala usikubali kununua kontroli boksi siku hiyohiyo. Toa hasi, kagua fyuzi zote moja moja kwa mita, kuanzia ile kubwa. Mara nyingine ndiyo pekee iliyoungua. Kisha msomee habari hii yule kijana anayekushikia tochi, leo, kabla hajaitwa kwa jirani.