Tuna kifafa kimoja, mbona dada zetu hawaulizwi maswali yao?

Nina kifafa. Naanza hapo ili usifikiri nawazungumzia watu wengine. Nilianza kuanguka nikiwa Kidato cha Tatu, na ni sababu mojawapo iliyonifanya niache chuo. Ukizinduka mara mbili kwa muhula mmoja huku darasa zima limekuzingira, mwisho unachoka. Lakini leo sijaja kulia. Kuna kitu nilikiona kwenye foleni ya kliniki, na hadi sasa kinaniudhi.

Kila mwezi mimi huenda kuchukua tembe zangu za kabamazepini. Kwenye foleni hiyo nilizoeana na dada mmoja, mama wa watoto wawili, anayemeza tembe zizo hizo. Siku moja alikuja kimya, tumbo limeanza kuonekana. Alikuwa amewekewa kijiti cha kupanga uzazi mkononi, na bado kilikuwa ndani. Mumewe alisema vijiti havifeli hivyo tu, kisha akaanza kuuliza mimba ni ya nani.

"Ndugu yangu, kwani mtu anaweza kushika mimba na kijiti kiko mkononi?" akaniuliza.

Sikujua. Nilienda nyumbani nikasoma, na jibu ni ndiyo. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni, dawa za kifafa ambazo wengi wetu tunazimeza, hulifanya ini lichape kazi kupita kiasi. Ini hilo huzivunja homoni za kijiti, na za tembe za kupanga uzazi pia, kwa kasi mno hadi kinga inapungua. Koili ya shaba haina homoni, kwa hivyo dawa hizi haziigusi. Sindano ya miezi mitatu nayo hustahimili. Yaani njia zilikuwepo. Chumba cha kupanga uzazi na chumba chetu viko kwenye korido moja, lakini hakuna aliyemuuliza dada huyu kule anameza nini, wala huku ana nini mkononi.

Mimi swali langu kliniki ni moja: "Umeanguka mara ngapi mwezi huu?" Kwa mwanamume swali hilo linafika mbali kiasi. Kwa mwanamke halifiki nusu ya safari.

Chukua hedhi. Kuna wanawake ambao huanguka zaidi siku za karibu na hedhi, kwa sababu homoni hupanda na kushuka. Estrojeni huuchochea ubongo, projesteroni huutuliza, na hiyo ya kutuliza ikishuka kabla ya hedhi, kifafa hupata mwanya. Mwanamke akiandika kwenye kalenda siku alizoanguka na siku za hedhi, daktari anaweza kuona mpangilio na kubadilisha matibabu. Lakini nani atamwambia aandike? Wengi wetu tumelelewa tukijua hedhi haitajwi mbele ya watu, sembuse mbele ya daktari mwanamume.

Halafu kuna valproati. Ni dawa nzuri ya kifafa, hilo halina ubishi. Lakini mama akiimeza akiwa mjamzito, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya mwili, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili na kujifunza. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limesema wanawake na wasichana wanaoweza kushika mimba wasiandikiwe dawa hiyo. Sasa msichana wa miaka 16 anayeimeza leo, kuna aliyemketisha chini akamweleza?

Najua kuna jamaa atauliza, na sisi je? Sawa, tuongee. Wanaume tuna yetu. Ajali za bodaboda zinatupiga vichwa, na jeraha la ubongo linaweza kuleta kifafa. Pombe inatuangusha, na kuikata ghafla baada ya kuizoea kunaangusha pia. Baadhi ya dawa hizi hupunguza hamu ya mapenzi, na mwanamume akiona hivyo huziacha kimyakimya badala ya kumwambia daktari. Hatuulizwi kuhusu hayo pia, na ni makosa. Lakini tusidanganyane: mimi nikikosa kuulizwa, shida inabaki zaidi mwilini mwangu. Dada akikosa kuulizwa, shida inafika hadi kwa mtoto na kwa ndoa.

Na kwa ndoa hatujaanza jana. Sheria ya zamani ya ndoa hapa Kenya iliruhusu ndoa ibatilishwe kwa sababu ya kifafa, awe mume au mke, hadi Sheria ya Ndoa ya 2014 ilipoifuta. Mtaani haijafutwa. Mimi shangazi zangu huniombea nipate mke mvumilivu. Binti mwenye kifafa huulizwa nani atamwoa.

Wahudumu watasema foleni ni ndefu. Ni kweli, nimekaa humo. Lakini maswali yenyewe ni manne: Unatumia njia gani ya kupanga uzazi? Hedhi inakuja lini, na wewe unaanguka lini? Unatarajia kupata mtoto? Unajua dawa hii inaweza kufanya nini ukiwa mjamzito? Hayo ni dakika mbili. Wizara ya Afya iyachapishe kwenye kadi ya kliniki, basi hakuna atakayeyasahau.

Na wewe dada unayesoma hapa, kama hawakuulizi, uliza wewe. Lakini tafadhali usiache dawa kwa sababu ya makala yangu. Kuacha ghafla kunaweza kukuletea degedege lisiloisha, na hilo linaua. Ukiwa mjamzito ndiyo usithubutu kabisa. Nenda kwanza ukaongee na daktari.

Dada wa foleni yetu alijifungua salama, mtoto wa kike. Nilimwandikia kwenye karatasi yale niliyosoma, akampelekea mumewe. Mume bado hajarudi nyumbani.