Viatu, mamba na telefone yetu

Mwezi wa saba 2025, serikali ya Marekani ilitangaza habari iliyochekesha watu: abiria wa ndege hawalazimishwi tena kuvua viatu mbele ya mashine ya ukaguzi. Desturi ile ililetwa na mtu mmoja tu. Mwezi wa kumi na mbili 2001, Richard Reid alipanda ndege ya kutoka Paris kwenda Miami, kaficha baruti ndani ya viatu. Kibiriti kilimshinda, abiria wakamkamata na kumfunga kwa mikanda. Kuanzia 2006 ikawa amri kwa kila mtu: vua. Mtu mmoja kavaa viatu vibaya, na mamilioni ya watu wakatembea na soksi zenye matundu kwa miaka karibu 20.

Sisi wa Kasongo na Kabambare tunaweza kucheka pole pole. Kwetu wengi wanashuka shimoni na sapatu, wengine miguu mitupu. Ukituambia tuvue, tutauliza: tuvue nini?

Lakini ile amri ya Marekani iko na kitu kimoja tunachokionea wivu: ilikwisha. Mtu aliketi, akauliza kama bado inafaa, akaona mashine mpya zinaweza kuona ndani ya kiatu bila kumsumbua mwenye kiatu, akaifuta. Hapa kwetu takisi inazaliwa, inapewa jina, inakomaa, inaoa, inazaa takisi ndogo ndogo. Kufa ndiyo haijui.

Tuchukue Go-Pass. Mwaka wa 2009 abiria wa ndege katika inchi yetu walianza kuinunua pembeni ya tiketi. Ilipoanza ilikuwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje. Tuliambiwa feza ile ni ya kutengeneza viwanja vya ndege. Neno zuri. Hatukukataa, kwa sababu mtu wa Maniema anajua kuliko wengine kwamba ndege si anasa. Ukitoka Kabambare kwenda Kinshasa, utapita wapi? Barabara unaijua: siku za pikipiki, tope mpaka magoti, na barieri ambazo hata mwenye kuzihesabu anachoka. Na kiwanja cha Goma, ambacho wafanyabiashara wengi walikitegemea, kilifungwa Januari 2025 wakati vita vilipoingia mjini. Kwa hiyo abiria wa ndege kwetu si tajiri. Ni mgonjwa, ni mwanafunzi, ni mama mwenye biashara ya mzigo mmoja.

Mama kama huyo tulimwona, si zamani sana, katika kiwanja kimoja ambacho hatutakitaja. Alikuwa na kidumu cha mawese, zawadi ya mtoto wake anayesoma mbali. Mkaguzi akamwambia: "Mama, hii ni likide, haipande." Akajibu: "Papa, ni mafuta ya kula." Yule akasema ni sheria ya dunia. Ni kweli, sheria iko: tangu 2006, baada ya polisi wa London kuvunja njama ya kulipua ndege kwa vinywaji, katika inchi nyingi maji na mafuta yanayopita miligramu 100, samahani, mililita 100, hayaingii mkononi. (Tumezoea gramu, wasomaji mtatusamehe.) Basi mama akatoa kitu kidogo. Na mawese, ambayo dakika mbili mbele yalikuwa hatari kwa dunia nzima, yakapanda ndege kwa amani.

Hapo ndipo tunapouliza: usalama ni nini?

Mnamo tarehe 25 mwezi wa nane 2010, ndege ndogo ya aina ya Let 410 ilianguka ikikaribia Bandundu. Watu 20 walikufa, mmoja akapona. Yule aliyepona alieleza kwamba abiria mmoja alikuwa ameficha mamba ndani ya mfuko, anampeleka kuuza. Wakati ndege inashuka, mamba akatoka. Mhudumu akakimbilia kwa marubani, abiria wote wakamfuata mbele, ndege ikapoteza uzito wa nyuma, ikaanguka. Mamba mwenyewe hakufa katika ajali. Walimmaliza kwa panga.

Watu husimulia habari hii kama kichekesho. Sisi hatuwezi kuicheka mpaka mwisho, juu ya wale 20. Go-Pass ilikuwa imekwisha fika mwaka mzima. Karatasi zilikuwa na muhuri. Na mfuko ulipita. Kufungua mfuko mmoja na kutazama ndani hakuhitaji mashine ya Ulaya, kunahitaji macho na mtu anayelipwa mshahara wake kwa wakati. Na kama mtu atasema tunaonea inchi yetu, tumkumbushe kwamba tangu 2006 karibu kampuni zote za ndege zilizoandikishwa Kongo zimekatazwa kuruka katika anga ya Ulaya. Kidumu cha mawese si sababu.

Na kuna mzigo mwingine ambao haulii wala haunuki. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwanzoni mwa 2014 kwamba, kwa hesabu yao, asilimia 98 ya dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Kongo ilitoka inchini kwa magendo mwaka wa 2013. Asilimia 98! Maana yake katika kila gramu 100 zilizotoka katika mashimo yetu, gramu 2 tu ndizo zilizoonekana na serikali. Mawese ya mama yalionekana yote.

Sasa tuache ndege, turudi mfukoni mwetu, kwenye telefone.

Wasomaji wanakumbuka RAM. Mwezi wa tisa 2020 tuliamka tukakuta inite zinapungua bila kupiga simu. Wengi walifikiri mtandao umewaibia. Kumbe ni takisi mpya ya kuandikisha telefone: dola 1 kwa mwaka kwa telefone ya 2G, dola 7 kwa telefone ya 3G na 4G, zinakatwa kidogo kidogo ndani ya inite. Maelezo yalikuwa yale yale: usalama. Kila telefone iko na namba yake ya tarakimu 15, bonyeza *#06# utaiona. Serikali ikasema itaandika namba zile zote, na telefone ya wizi au ya bandia itafungwa.

Wazo si baya. Wizi wa telefone uko, hata kwenye machimbo; mtu analala na telefone chini ya kichwa, anaamka na kichwa peke yake. Lakini tuulize wasomaji wetu wa Salamabila na Kabambare: nani kati yenu aliyeibiwa telefone wakati wa RAM, akaenda kulalamika, ikarudishwa? Sisi hatujamkutana. Na angalia hesabu ilivyokaa. Takisi ilifuata telefone, haikufuata mtandao. Mchimbaji aliyenunua telefone ya 4G alihesabiwa dola 7 hata kama kijijini kwake inashika 2G tu, tena akipanda juu ya kichuguu. Ni kama kulipisha mtu takisi ya barabara ya lami kwa sababu pikipiki yake ingeweza kupita kwenye lami, kama lami ingekuwako.

RAM ilikufa mwanzoni mwa 2022. Ndiyo, tulisema takisi haifi; hii ilikufa kwa sababu watu walipiga kelele. Vijana wa LUCHA waliandamana, wabunge wakamwita waziri wa posta na telefone mwaka wa 2021 na kumzomea ndani ya bunge, kanisani na sokoni watu walisema wazi kwamba ni wizi. Hakuna aliyeshika bunduki. Tunataka watoto wetu walikumbuke jambo hili.

Na kwa nini tunaitetea telefone namna hii, kama vile ni mtu? Kwa sababu kwa mchimbaji telefone ni mizani ya pili. Mizani ya kwanza ni ya negosian, na sote tunajua kidole cha negosian kina uzito gani. Mwezi wa kumi 2025 bei ya dhahabu duniani ilipita dola 4.000 kwa aunsi moja. Aunsi ni gramu 31 na kidogo. Gawa mwenyewe: ni zaidi ya dola 128 kwa gramu ya dhahabu safi. Yetu haiko safi kabisa, na negosian iko na gharama zake za njia, hatukatai. Lakini mchimbaji anayejua hesabu hii anazungumza bei akiwa amesimama. Asiyeijua anazungumza akiwa amepiga magoti. Tofauti ya hawa wawili ni mega chache za intaneti.

Ndiyo maana kukata mtandao kunatuuma kuliko wanavyofikiri wakubwa wa Kinshasa. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti na ujumbe wa maandishi vilikatwa katika inchi nzima. Vilirudi baada ya siku 20 hivi. Sababu? Usalama, ili matokeo ya uongo yasitembee. Katika siku zile mke aliyebaki Kasongo hakujua kama mume wake aliye shimoni amefikiwa na habari ya mtoto mgonjwa. Uongo nao haukusimama. Ulishuka kwenye telefone, ukapanda pikipiki.

Wazee wetu wa machimbo watasema: haya si mapya. Na ni kweli. Mwezi wa tisa 2010, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini katika Nord-Kivu, Sud-Kivu na Maniema, ili kuondoa wenye silaha katika biashara ile. Sababu ilikuwa nzuri, tuseme ukweli. Lakini amri ilimkamata mwenye sururu kabla ya mwenye bunduki. Kwa miezi sita, mpaka mwezi wa tatu 2011, familia zilikaa bila feza ya sabuni na ya shule, na mahali pengine wenye silaha waliendelea kuchimbisha usiku. Halafu ruhusa ikarudi, na barieri zikawa zimebaki palepale.

Hatusemi serikali isilinde watu. Mwaka huu wa vita nani wa Maniema atasema hivyo? Tunataka mkaguzi afungue mfuko wenye mamba. Tunataka telefone ya wizi ifungwe kweli. Tunataka askari awe njiani, lakini awe anatazama porini, si mfukoni mwetu.

Tunachoomba ni kidogo na kimeandikwa tayari. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 174, inasema kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Si kwa barua ya waziri, si kwa mdomo wa mwenye kofia. Kwa hiyo siku mtu atakapokuja tena na takisi mpya, ya ndege, ya telefone, ya kadi ya mchimbaji au ya kamba ya barieri, tumuulize maswali matatu, kwa heshima, kama vile mtu anavyomuuliza mgeni mlangoni. Papa, sheria yake ni namba gani? Risiti yake iko wapi? Na mwaka ujao tuje kutazama wapi kitu ilichojenga?

Akijibu yote matatu, tulipe. Tunalipa tangu zamani, mkono umezoea. Akishindwa kujibu, tumuombe akae pembeni kidogo, aruhusu mama apite na mawese yake.

Na viatu abaki navyo.