Tunachangia Jeneza, Hatuchangii Kipimo



Hapa Rughenda, kama katika mitaa mingi ya Butembo, mtoto akizaliwa na kilo nne na nusu, habari yake hufika nyumbani kabla ya mama yake. Majirani humsifu, bibi hupiga vigelegele, na baba hutembea akiwa ameinua kichwa. Mtoto mnene ni fahari ya ukoo. Hatuna nia ya kuwanyang'anya wazazi furaha yao, kwa maana kila mtoto ni zawadi ya Mungu, awe wa kilo mbili au wa kilo tano. Lakini twaomba ruhusa ya kuuliza neno ambalo si desturi kuliuliza siku ya shangwe: kwa nini mtoto huyu amekuwa mkubwa kiasi hicho? Mara nyingine jibu ni kwamba wazazi wake ni watu wa miili mikubwa. Mara nyingine jibu ni sukari.

Uko ugonjwa wa sukari unaoanza wakati wa mimba, kwa mwanamke ambaye hapo kabla hakuwa nao. Yafaa chanzo chake kieleweke, maana kutoeleweka kwake ndiko kunakozaa lawama. Kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni, hutoa vichocheo vinavyoizuia insulini ya mama isifanye kazi yake barabara. Kongosho la mama hulazimika kutoa insulini zaidi. Kwa wanawake wengi hufaulu. Kwa wengine hushindwa, na sukari huzidi katika damu. Sukari hiyo humfikia mtoto, na kongosho lake dogo hujibu kwa kutoa insulini nyingi, naye hunenepa. Akishazaliwa, sukari ya mama hukatika ghafula, ilhali insulini yake mwenyewe ingali nyingi. Ndiyo maana sukari ya mtoto huyo yaweza kushuka hata kumhatarisha katika saa zake za kwanza. Mama naye aweza kupatwa na shinikizo la damu, au mtoto kukwama bega wakati wa kuzaliwa, au kulazimika kupasuliwa. Tena wako watoto wanaofia tumboni katika majuma ya mwisho, nasi hukimbilia kusema ni mapenzi ya Mungu, au, vibaya zaidi, humtafuta mchawi katika ukoo wa mume.

Wengine husema huu ni ugonjwa wa matajiri, wa watu wa Kinshasa na Ulaya. Si kweli. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba takriban uzazi mmoja kati ya sita duniani huguswa na sukari iliyozidi wakati wa mimba, na sehemu kubwa ya hao ni akina mama wa sukari hii tunayoisema. Uzito wa mwili, umri, na ndugu wa damu wenye kisukari huongeza hatari. Lakini mwanamke hakujiletea ugonjwa huu kwa kikombe cha chai. Mama mkwe anayemwambia, «Ulipenda soda mno,» anamtwika mzigo ambao hata daktari hamtwiki.

Kibaya ni kwamba ugonjwa huu mara nyingi haupigi hodi. Kiu na uchovu, ni mjamzito gani asiyekuwa navyo? Kwa hiyo hakuna njia ila kupima, na wakati wa kupima ni kati ya juma la 24 na la 28, yaani mwezi wa sita kuingia wa saba. Ninyi msomao Injili ya Luka mtakumbuka kwamba malaika alimpasha Maria habari ya Elizabeti akimtajia mwezi huohuo, wa sita. Maria alipanda kwenye nchi ya milima kwa haraka, akakaa huko karibu miezi mitatu. Hatusemi kwamba Elizabeti alikuwa na sukari. Injili haisemi hivyo. Twasema tu kwamba msichana wa umri wenu alijua ni miezi ipi mama mwenye mimba, tena mwenye umri mkubwa, huhitaji mtu karibu naye. Hakupeleka salamu. Alikwenda.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Mama hulala bila kula, asubuhi hutolewa damu kidogo, hunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha hupimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013, sukari ikifikia miligramu 92 kwa desilita kabla ya kunywa, mama huyo ana tatizo. Kupima mkojo peke yake hakutoshi. Twajua kwamba si kila kituo cha afya mtaani kina glukosi, wala muuguzi mwenye nafasi ya kumngojea mama mmoja saa mbili. Basi na aulizie hospitali kubwa, kama Matanda au Kitatumba. Na ikishindikana kabisa, apimwe walau damu ya asubuhi kwa kile kifaa kidogo cha kuchoma kidole. Aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo nne na zaidi, au aliyepoteza mimba ya mwisho bila sababu kujulikana, asingoje mwezi wa sita. Na amweleze mkunga tangu siku ya kwanza.

Hapa ndipo tunapofikia neno lililotufanya tuandike. Jumuiya zetu za kikristo na vikundi vyetu vya vijana vinajua kuchanga. Mtu akifa, daftari huzunguka jioni hiyohiyo, na kufikia asubuhi jeneza limelipwa, maharagwe yamenunuliwa, na vijana wamejipanga kuchimba kaburi. Ni jambo jema, nasi twalisifu. Lakini mama mjamzito anapoambiwa akapime sukari na hana franka za kulipia, daftari hilo hulala. Atasema «nitakwenda juma lijalo», na juma lijalo litakuwa na karo ya shule. Familia zilizokimbia vita vya Lubero na mashambulizi ya Beni, zikafikia kwetu, zina hali ngumu zaidi, kwa kuwa hazina hata mjomba wa kumkopa. Twaona aibu kusema hivi, lakini ni kweli: katika mtaa wetu ni rahisi zaidi kuchangiwa ukiisha kufa kuliko ukiwa hai na mimba ya miezi sita.

Liko pia suala la damu. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 mji wetu uliishi na Ebola, na zaidi ya watu 2,200 walikufa katika janga lile. Vituo vya tiba vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Watu walisadiki kwamba damu yao inauzwa, na woga huo haujaisha, umejificha tu. Msiwacheke akina mama wanaokataa sindano. Mfuateni mmoja wao kituoni, mketi naye zile saa mbili, aone kwamba damu inayotolewa haijazi hata kijiko. Maneno ya kijana anayejulikana mtaani yana nguvu kuliko tangazo la redioni.

Mkikuta sukari imezidi, dawa ya kwanza iko jikoni. Hatuambii mtu aache bugali. Myira gani angetusikiliza? Apunguze kipande, aongeze maharagwe, sombe, lengalenga, yai au samaki inapowezekana, na aache soda na sukari ya chai. Ale kidogo kidogo mara nyingi. Atembee kidogo baada ya kula, na vilima vya kwetu vyatosha kuwa mazoezi. Ule usemi kwamba mjamzito ale chakula cha watu wawili umewadhuru wengi. Ninyi wavulana mliokwisha kuchumbia, jueni kwamba mama hawezi kujipikia peke yake sahani ya mgonjwa huku nyumba nzima ikila vingine mbele yake. Mume ale anachokula mkewe.

Na kama chakula hakitoshi, daktari ataandika insulini. Dawa hii iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na kabla yake mtoto mwenye kisukari alikuwa akisubiri kifo tu. Haimdhuru mtoto aliye tumboni. Tumesikia wanaosali kwa sauti kubwa wakiwaambia akina mama waitupe sindano ili waonyeshe imani. Sisi tunaofundisha katekisimu twakataa jambo hilo waziwazi: Mungu aliyempa mama mtoto ndiye aliyewapa watu akili ya kutengeneza dawa. Vilevile Kanisa halimlazimishi mjamzito kufunga siku za Kwaresima. Anayejilazimisha huku akijichoma insulini anajitafutia kuzimia.

Baada ya kujifungua, sukari kwa kawaida hurudi mahali pake, na hapo wengi husahau. Lakini mwanamke huyo yumo katika hatari kubwa ya kupata kisukari cha kudumu miaka ijayo, na mimba inayofuata yaweza kuurudisha ugonjwa. Anatakiwa apimwe tena kati ya juma la sita na la kumi na mbili baada ya kuzaa, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Majuma hayo ndiyo ambayo wazazi wengi hutujia kuandikisha mtoto kwa ubatizo. Tumeanza, baada ya kuandika majina ya mtoto na ya wasimamizi, kumwuliza mama pembeni kama aliwahi kuambiwa habari ya sukari, na kama amerudi kupima. Twaomba makatibu wa vikundi vya vijana, mnaotusaidia kushika madaftari hayo, muulize vivyo hivyo. Na asiye na nauli ya kurudi hospitalini, jina lake lisomwe siku ya mkutano, kabla ya michango mingine.