Manifesto ikiwa picha, asiyeona asome nini?

Rafiki yangu haoni. Ni mwandishi wa programu kama mimi, na hutumia NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Majuzi alinitumia manifesto ya mwaniaji mmoja wa huku kwetu. "Hebu nisomee," akaandika. "Kwangu iko kimya."

Nikaifungua. PDF, na kila ukurasa ni picha! Mtu alipiga chapa vizuri kwenye tarakilishi, akatoa karatasi, ikapigwa muhuri, kisha akaiskani. Maneno yakageuzwa picha.

Basi nikampigia simu nikaanza kumsomea. Nikaruka aya moja niliyoiona ni porojo tu. Mwishoni akaniuliza, "Basari je, hajasema kitu?" Ilikuwa kwenye aya ile ile. Nikaona aibu. Bila kukusudia nilikuwa nimemchagulia mtu mzima cha kusikia kabla hajachagua wa kumpigia kura.

Najua wenzangu mtasema ziko programu za kutambua herufi kwenye picha. Ziko, hata NVDA inaweza kujaribu. Lakini kwa nini mpiga kura ahangaike kurudisha maneno ambayo mwaniaji aliyaharibu mwenyewe?

Tusidanganyane kwamba ni hisani. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari, na ya kutumia Lugha ya Ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa. Kama sheria haikugusi, shika hesabu. Sensa ya 2019 ilipata zaidi ya watu laki tatu wenye tatizo la kuona. Kura za urais za 2022 zilipishana kwa 233,211. Sisemi wote hao wana umri wa kupiga kura, wala kwamba wangepiga upande mmoja. Nasema mwanasiasa anayewapuuza hajui kujumlisha.

Lakini lawama kubwa naileta kwetu sisi tunaolipwa kutengeneza tovuti na mabango haya. "Mteja hakuomba." Mteja pia hakuomba tovuti isivamiwe, na bado unaweka nywila!

Kazi yenyewe ni ndogo:

1. Hifadhi PDF moja kwa moja kutoka kwenye programu uliyoandikia, na utumie mitindo ya vichwa. Usiskani.
2. Bango lenye maneno? Yaandike tena chini yake kama maandishi ya kawaida.
3. Kila picha iwe na maelezo yake kwenye msimbo.
4. Video iwe na maandishi chini, na mkalimani wa Lugha ya Ishara aonekane. Si duara dogo kama sarafu.
5. Toa pia maandishi matupu yanayoweza kutumwa kwa WhatsApp. Faili ya megabaiti 40 inamfungia nje hata anayeona, kama hana bando.

Jaribio la haraka: fungua faili, jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likikataa, hiyo ni picha. Irudishe kwa mwenyewe.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Mheshimiwa mtarajiwa, ukimtumia rafiki yangu picha tena, sitamsomea. Nitamwambia ukweli: huyu hakuwa na neno nawe.

Haya, wenye kubisha, uwanja ni wenu.